Chura wa Uvunguni

Katika mji ule mtu hakuulizwa hali yake. Aliulizwa hali ya chura wake. Mgeni akipiga hodi na kukaribishwa, alivua viatu, akainama mbele ya chupa kubwa ya kioo iliyowekwa kando ya mlango, akamtazama chura wa nyumba kwa makini, na akisharidhika ndipo alipoinua uso kumtafuta mwenye nyumba. "Wa majini hajambo," angesema. "Hajambo," angejibu mwenyeji, na habari za afya zingeishia hapo. Ilikuwa imekubalika, tangu enzi ambazo hakuna aliyekuwapo kuzishuhudia, kwamba binadamu ana ulimi, na mwenye ulimi anaweza kukwambia yu mzima huku anaoza. Chura wa maji hana ulimi. Mfumbue kinywa ukitaka, utakuta pango jekundu tupu. Chakula hukisukuma ndani kwa viganja viwili, kama mtoto aliyeachwa peke yake na sahani ya wali. Hana kope vilevile, na macho yake yamekaa juu ya kichwa, yanamtazama yeyote anayeinama kumtazama. Nani basi, mji ulijiuliza siku ulipokuwa bado unajiuliza mambo, nani wa kuaminiwa kuliko kiumbe asiyeweza kusema wala kufumba macho? Wakaukusanya ukweli wao wote, wakautia ndani ya chupa, wakauweka mlangoni. Halafu wakaanza kuisugua ile chupa.

Chura wa nyumba ya Machano aliitwa Tulizo. Alikuja pamoja na vyombo vya harusi vya Zeyana, mke wa Machano, akamtangulia kwa umri Mwanamize, binti pekee wa nyumba ile, na Zeyana alipofariki yeye akabaki. Aliugua lini, hakuna awezaye kusema. Wakati katika mji ule haukwenda mbele kama unavyokwenda kwa watu wengine. Asubuhi haikwisha mpaka mtu akiri kwamba jua limepanda, na kwa kuwa hakuna aliyependa kuwa wa kwanza kukiri jambo lolote, zilikuwapo asubuhi zilizodumu mpaka watoto wakaota ndevu. Katika moja ya asubuhi hizo Machano aliinama mbele ya chupa yake na kumkuta Tulizo ametuna. Tumbo lilikuwa limejaa kama kiriba, ngozi ya mapaja imeiva kwa wekundu, na kila alipopiga teke ili azame, maji yalimrudisha juu. Alipiga teke tena. Akarudishwa tena. Mwishowe aliacha, akaelea amechanua vidole.

Ingekuwa vizuri kusema kwamba moyo wa Machano ulimwendea yule kiumbe kwa huruma. Haukumwendea. Jambo la kwanza alilolifanya Machano lilikuwa kugeuka na kuutazama mlango, kuona kama umefungwa.

Siku ile ile, au siku iliyokuwa ndani ya ile, Tulizo alihamishiwa ndani ya sufuria pana, na sufuria ikasukumwa uvunguni mwa kitanda cha marehemu Zeyana. Machano alitangaza kwa majirani kwamba chupa yake imepata ufa na anatafuta nyingine. Majirani walimpa pole kwa ajili ya kioo. Walimpa pole nyingi mno, kwa sauti za chini, na hakuna aliyeuliza chura amewekwa wapi. Mji ule ulikuwa na methali zake kama miji mingine, na waliipenda ile isemayo mficha maradhi kifo humuumbua. Waliitumia kila mara, kwa kuwasema wengine.

Aliyemwuguza Tulizo alikuwa Mwanamize. Alilala kifudifudi sakafuni, kidevu juu ya mikono, uso wake usawa na ukingo wa sufuria. Maji aliyaweka machache, kina cha kidole, ili mgonjwa asihangaike kupanda kutafuta pumzi. Akatia punje za chumvi ya mawe. Alifunika nusu ya sufuria kwa kanga iliyopauka, mwanga usimchome, na alipotaka kumgeuza alilowesha viganja kwanza, maana mkono mkavu humchubua chura. Kila mara alitumia maji yaliyolala. Kila nyumba ya mji ule ilikuwa na mtungi wake wa maji ya kulala, yaliyochotwa bombani na kuachwa wazi mpaka ukali wa ile dawa ya bomba uyatoke. Mtu hujikinga kwa ngozi, chura hunywa kwa ngozi. Jambo hilo hata mtoto wa mji ule angekueleza.

Machano alilijua pia. Hapo ndipo pana mwiba, na afadhali usemwe mapema. Chura wa maji hujivua ngozi, huila ile ngozi, hunya, hutema, na chupa yake huwa na ukungu. Na chupa yenye ukungu ni aibu. Kwa hiyo mgeni alipopiga hodi, mwenyeji aliitikia "Karibu, subiri kidogo!" na kukimbia: mimina, sugua kwa sabuni, suuza nusunusu, jaza moja kwa moja kutoka bombani, rudisha chura, panguza kioo, fungua mlango huku unahema. Mgeni aliyesubiri nje alijua kinachofanyika ndani. Kwake alifanya hivyo hivyo. Lakini katika mji mzima hakuna aliyesugua kama Machano. Alisugua kwa ajili ya wageni, akasugua kwa ajili ya hatua zilizopita njiani bila kusimama, akasugua kwa ajili ya kikohozi cha jirani. "Chupa ya Machano," walisema watu, "utadhani chura amekaa hewani." Sifa ile ilikuwa tamu, jamani, ilikuwa tamu kuliko tende. Tangu Zeyana afe, ndiyo iliyokuwa kitu pekee chake ambacho watu walikisifu. Maji ya kulala yalikaa mtungini mwake yakiota vumbi.

Sasa alisimama mlangoni mwa chumba, hakuingia.

"Amekula?" aliuliza.

"Hali," alijibu Mwanamize bila kugeuka. "Nimempa mnyoo, ameushika, ameuachia."

"Atapona."

"Baba, njoo umwone basi."

"Naona kutoka hapa."

Hakuona kitu kutoka pale. Aliona nyayo za binti yake zilizokuwa na vumbi la sakafu, na kwa kitambo zilikuwa nyayo za Zeyana, na chumba kikawa kile cha zamani, na mtu aliyelala kitandani akawa ndiye yule aliyelala kitandani wakati ule, na Machano akawa amesimama pale pale mlangoni akisema vile vile, naona kutoka hapa. Akageuka, akaenda kupanguza chupa tupu.

Alipokuwa akiipanguza, alisema na nafsi yake. Hakusema kwa mpango. Kitambaa kilikwenda na maneno yakakifuata.

Mtu ni yupi? Ni huyu aliye mlangoni au ni yule aliye uvunguni? Wakija kumwona aliye mlangoni wakasema hajambo, basi hajambo. Nani mwingine wa kuulizwa? Aliye uvunguni hana ulimi. Hapana. Anayo macho. Lakini macho si ushahidi. Sikumdhuru. Nilimsafisha. Kuna baba gani anayelaumiwa kwa usafi? Ningemwacha mchafu wangesema. Nimemsafisha, na watasema. Basi heri wasijue. Asiyejua hasemi. Lakini mimi najua, na mimi je, nasema na nani hapa?

Kitambaa kililia juu ya kioo. Ndani ya chupa tupu uso wake ulionekana umetanuka, kinywa kipana, macho yamepanda juu ya paji. Akaacha kupanguza.

Posa ilikuja katikati ya haya. Kijana Idarusi, ambaye Mwanamize alimpenda na hakuficha, aliwatuma shangazi yake Bi Shemsa na mjomba wake Mzee Haidari waje kuzungumza. Posa katika mji ule ilikuwa na adabu moja kubwa: upande wa mwanamume huja kumtazama chura wa upande wa mwanamke. Bibi arusi huweza kuwa kiwete, kengeza, mwenye domo. Hayo ni ya Mungu. Chura akiwa mgonjwa, nyumba nzima ni mgonjwa, na posa hufa pale pale mlangoni, na haifi peke yake, huondoka na jina.

"Waambie waje siku nyingine," alisema Mwanamize.

"Posa haiambiwi ije siku nyingine."

"Basi waje, wamwone alivyo. Idarusi hatajali."

"Idarusi si anayekuja! Mwanangu, unataka nikae mbele ya Shemsa binti Kombo na sufuria ya mboga, nimwambie karibu, tazama, hivi ndivyo tunavyoishi?"

"Ndivyo tunavyoishi, baba."

 Machano alitoka kwa mlango wa uani, akaenda kwa jirani yake Zuwena, mwanamke aliyejua mengi na kuulizwa machache. Machano alisimama mbele yake, akaanza kueleza habari ya ufa wa kioo. Zuwena alimwacha aeleze mpaka maneno yakamwishia.

"Siku ya posa nitakuletea ndoo," alisema. "Usiniulize imetoka wapi. Nami siulizwi inakwenda wapi. Wakiondoka tu, uirudishe hapa, maana inangojwa."

"Inangojwa na nani?"

"Bwana Machano," alisema Zuwena kwa upole. "Funika kombe."

Ndoo ilikuja imefunikwa kwa majani ya mgomba, kama vile ina ukwaju. Ndani yake alikuwamo chura ambaye Machano hakuwahi kuona mfano wake: mnene, ngozi ya kung'aa, mapaja kama ya mpiga mbio, na kwenye bega la kushoto doa jeupe. Alipotiwa chupani alizama kama jiwe, akatulia chini, akaitazama dunia kama mwenye shamba. Machano alimpenda papo hapo. Alimpenda kwa pumzi iliyomshuka kifuani, na wakati akimpenda alisikia kutoka chumbani mnyunyizo mdogo wa maji, teke moja dhaifu, na shingo yake ikawaka moto kwa haya. Hata hivyo hakwenda.

Wageni walikuja alasiri. Mzee Haidari alivua kofia, Bi Shemsa akavua viatu vyake vya kutokea, vile vyenye vifungo vya fedha, wakainama wote wawili mbele ya chupa. Mwanamke yule alikuwa mtu wa heshima zake. Mtaani alitembea taratibu kiasi kwamba watoto waliokuwa wakicheza waliacha kucheza mpaka apite.

"Wa majini..." alianza.

Chura akainuka. Aliinuka kutoka chini ya chupa, moja kwa moja, hadi usoni mwa maji, mbele ya uso wa Bi Shemsa, akakaa amenyoosha viganja vyake viwili, amefungua vidole. Kila aliyewahi kufuga chura wa maji anajua maana yake. Chura huinuka hivyo kwa sauti moja tu, ya mtu aliyemlisha.

Bi Shemsa aliuvuta mkono wake nyuma, kana kwamba kioo kimemuunguza. Mzee Haidari akatazama dari. Machano aliona, akaelewa, na kuelewa kwake kulifunguka kama mlango unaofungukia mlango mwingine. Ndoo ilitoka kwao. Wiki ile, au mwaka ule, chura huyu alikaa katika chupa ya Bi Shemsa, akalishwa na Bi Shemsa, akasifiwa na wageni wa Bi Shemsa. Na kabla ya hapo? Zuwena alisema inangojwa. Aliziona nyumba zote za mji katika safu, chupa kando ya kila mlango, na chura mmoja, mmoja tu mzima, akipita kwa milango ya uani chini ya majani ya mgomba, huku uvunguni mwa kila kitanda kuna sufuria.

Alifurahi. Ndilo lililokuwa baya zaidi. Kabla ya jambo lingine lolote Machano alifurahi, kwa kuwa hakuwa peke yake, na kwa kuwa sasa Bi Shemsa hangeweza kusema neno. Kisha akaionea haya furaha ile kuliko alivyowahi kuonea haya kitu chochote.

"...hajambo," alimalizia Bi Shemsa.

"Hajambo," alisema Machano.

Waliketi mkekani. Kahawa ikamiminwa, kashata zikapita. Walizungumza habari za ukoo, za mvua, za Idarusi na tabia yake njema, na kadiri walivyozungumza Machano alijihisi tumbo lake linatuna chini ya kanzu. Mwili ulianza kuwa mwepesi. Uliinuka kidogo kutoka mkekani, akaushikilia mkeka kwa vidole vya miguu asije akapaa. Maneno ya wageni yalimfikia kutoka juu, kama yanapita katika maji. Alijaribu kuzama ili akae kama watu wanavyokaa. Alirudishwa juu.

"Baba!"

Ilikuwa sauti ya Mwanamize kutoka chumbani. 

"Baba, njoo. Anakwenda."

Mzee Haidari aliweka kikombe chini. Bi Shemsa alimtazama Machano, na macho yake yalikuwa yakiomba kitu, ila Machano hakukijua wakati ule. "Kuna nini huko ndani?" aliuliza.

Njia ya kutoka mkekani hadi kile chumba ilikuwa fupi. Mtu angeinuka tu. Angesema samahani, kuna mgonjwa, na mgonjwa huyo ni wangu, na angekwenda kupiga magoti uvunguni na kuingiza mkono wake, uliolowa au mkavu, katika yale maji machache, ili kiumbe aliyemtazama kwa muda wote wa ndoa yake na ujane wake amtazame tena kwa karibu. Miguu yake ilikuwa mizima. Hakukuwa na aliyemzuia.

"Si kitu," alisema Machano.

"Baba!"

"Si kitu. Tuombe dua."

Wakainua viganja, vidole wazi, na Mzee Haidari akaomba. Aliomba kwa urefu, kwa heri, kwa uzazi, kwa nyumba yenye amani, na katikati ya dua chumba cha nyuma kikanyamaza. Machano alisema amina mahali pasipostahili amina. Mzee Haidari alifuta uso kwa viganja, akasema wao wamekubali, wameridhika, chura mashallah, akachukua kofia yake, akatangulia nje.

Machano alikwenda chumbani. Sasa aliingia. Alipiga magoti, kisha akalala kifudifudi kando ya binti yake, kidevu sakafuni. Tulizo alikuwa amelala chali, tumbo jeupe juu, na mkono wa Mwanamize ulikuwa chini yake, umemkinga asiguse chuma.

"Wamesemaje?" aliuliza Mwanamize.

"Wamekubali."

"Walinisikia nikikuita?"

"Walisikia."

"Wakauliza?"

"Waliuliza."

"Ukasema nini, baba?"

Angeweza kusema kitu kingine. Zilikuwapo kauli nyingi zenye ukungu mdogo kuliko ile ya kweli.

"Nilisema si kitu."

Mwanamize hakulia mbele yake. Alitoa mkono wake majini polepole, akamwacha Tulizo aelee, akaupangusa mkono kwa kanga, kidole kimoja kimoja. "Nitaolewa na Idarusi akinitaka," alisema. "Lakini chupa sitaiweka mlangoni mwangu." Akainuka, akapita juu ya miguu ya baba yake kama anavyopita mtu juu ya kizingiti, akaenda uani.

Machano alipotoka alimkuta Bi Shemsa bado yupo. Hakuwa ameondoka na Mzee Haidari. Alikuwa ameketi peke yake ukumbini, mgongo umeegemea ukuta, mtandio ameushika kifuani kwa mikono miwili.

"Wenu alianzaje?" aliuliza kwa sauti iliyokatika.

Machano aliitupia jicho chupa.

"Kaka yangu, usinifiche. Nakuomba kwa jina la mama Mwanamize. Wangu ametuna tumbo. Mapaja mekundu. Anataka kuzama, hawezi. Nimemweka uvunguni, kila nikipata nafasi namtoa namsafisha, nasugua sufuria mpaka naiona sura yangu, na kila nikimsafisha anazidi. Wenu mlimpa dawa gani akapona?"

"Hakupona. Amekufa sasa hivi, tulipokuwa tunaomba dua."

Bi Shemsa aliziba kinywa.

"Nimemuua mimi," alisema Machano, na maneno yalitoka mabaya, yamevimba, moja baada ya jingine. "Kwa sabuni. Kwa maji ya bomba ambayo hayajalala. Nilikuwa najua, bibi, si kwamba sikujua. Nilitaka chupa yangu isifiwe. Usimsafishe. Acha maji yawe na ukungu. Yale uliyomtia leo, umeyatoa wapi?"

 Midomo ya mwanamke yule ilikuwa ikihesabu njia ya kwenda nyumbani. Aliinuka akishika ukuta, akapita kando ya chupa bila kuitazama, akapita viatu vyake vyenye vifungo vya fedha bila kuviona, akaufungua mlango wa mbele wazi kabisa kwenye jua. Kisha Bi Shemsa binti Kombo, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha, alikunja gauni lake mpaka magotini na kukimbia. Alikimbia katikati ya barabara, miguu mitupu, mtandio umeanguka, mvi zake nje, akilia kwa sauti kubwa asiyojali nani anaisikia, na madirisha yalifunguka moja baada ya jingine, mtaa mzima ukamwona.